Kondoo wa Mzee Paramjit

Olkokola, 16 Machi 2025

Paashe wangu Naeku,

Inamisha kichwa hapo ulipo, nimekushika utosini kwa salamu. Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Mvua imeanza kwa uvivu, inanyesha upande wa mjomba wako Yiamat, kwangu inapita tu ikiniangalia. Ng'ombe mwekundu amezaa dume tena, sijui nilimkosea nini. Mchungaji amehamishwa, amekuja mwingine mwenye mahubiri marefu. Nasinzia katikati, nikiamka nakuta bado yuko kwa Musa. Hanna jirani yangu anacheka, anasema hilo tuliache. Nimemwambia aandike. Mkono ni wake, mdomo ni wangu.

Usiniambie habari za simu. Masikio yangu unayajua, simu kwangu ni nyuki ndani ya debe. Tena kwenye simu unasema "niko salama, Koko," halafu unakata. Barua huwezi kuikata, lazima uijaze. Nathanaeli, mume wa Hanna, anashusha maziwa mjini kila Jumatatu. Atakuachia barua kwenye steshenari unayotolea watu fotokopi. Akirudi bila jibu hapati chai kwangu.

Sasa neno lenyewe. Nathanaeli anasema ukitoka kazini jioni hulali. Unafundisha watoto wa shule kompyuta kwenye chumba nyuma ya gereji ya mzee mmoja Kalasinga, na hawakulipi. Hilo ni lako. Lakini anasema hata hicho unachowafundishia ni cha bure, kimeokotwa, hakina mwenyewe.

Bure naijua mimi. Wewe ulikuwa mtoto mgongoni. Walikuja watu na gari nyeupe wakatugawia mahindi ya mbegu bure. Tukapanda, yakazaa, tukafurahi kama wajinga. Nikatunza mbegu kwenye moshi juu ya jiko kama mama yangu alivyotunza zake. Msimu uliofuata zikatoa mabua na aibu. Tulipouliza, wakasema mbegu ile haitunzwi, inanunuliwa upya kila msimu. Tukaenda dukani, ikawa na bei. Na mbegu zetu za zamani tulishazila.

Kwa hiyo nakuuliza, mimi ambaye sijakaa darasani hata kwa kupumzika: hiyo yako ni bure ya namna gani? Na kama kimeibwa, kirudishe. Siku ulipoanza darasa la kwanza nilikupa ndama, ndiyo maana tunaitana Paashe. Ndama akawa ng'ombe, ng'ombe akauzwa akawa chuo chako. Sikumtoa ili ukafungwe.

Kula. Najua huli.

Mimi Koko, bibi yako, Soila. Kidole nimekigandamiza hapa chini, wino umechafuka kidogo.


Ngarenaro, 30 Machi 2025

Shikamoo Koko,

Nimeinamisha kichwa, naomba mkono wako. Mimi mzima. Nathanaeli alinikuta na foleni ya watu wa fotokopi, akasimama mlangoni akisema hatoki bila jibu kwa sababu ya chai. Nimemwambia arudi wiki ijayo, akaondoka analalamika. Msalimie mjomba Yiamat na umwambie atulegezee mvua.

Koko, hakuna kilichoibwa. Kompyuta peke yake ni chuma. Ikiwashwa lazima ndani iwe na mfumo wa kuiamsha, wa kuiambia kioo ni hiki, vitufe ni hivi, kazi ni hii. Mfumo wanaoutumia maofisini unauzwa, na ule mpya ni mzito, kompyuta zetu haziuwezi. Ni za zamani, za intaneti kafe ya Dimple binti wa Mzee Paramjit mwenye gereji, iliyofungwa alipoolewa Nairobi. Zilikuwa zinakula vumbi, Mzee akasema nizitumie. Watu wengi mtaani wanaweka nakala za kuiba. Nakala hizo zinakuja na virusi, na kila mara kuna mtu analia kazi yake imepotea.

Mimi niliweka mfumo mwingine unaoitwa Linux. Umeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wengine hawajawahi kuonana, wakauacha wazi kwa makusudi. Ruhusa imeandikwa: uchukue, uutumie, uufungue uone ulivyotengenezwa, urekebishe, umpe jirani. Ukimpa jirani, wako haupungui.

Watoto walicheka mwanzoni. Yuko msichana wa kidato cha tatu, Sabina, mdomo wake kama wako. Aliangalia kioo akasema, "Mwalimu, hii ndiyo kompyuta ya maskini?" Nikamwambia afungue kwanza ndipo atukane. Siku hizi ndiye anayefika wa kwanza, anakalia kiti cha dirishani, na kumwondoa ni vita.

Mzee Paramjit ana maswali kidogo, yataisha. Kazi ni nyingi na nimechoka kiasi. Nikipata nafasi nitakuja Pasaka.

Mjukuu wako,
Naeku


Olkokola, 13 Aprili 2025

Paashe,

Nimekushika kichwa. Leo ni Jumapili ya Matawi, watoto wamebeba matawi kutoka kanisani na mbuzi wangu ameyala njiani. Hanna jino linamuuma, anaandika huku shavu moja limevimba, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Mvua sasa imenikumbuka. Maharage nimepanda.

Barua yako nimesomewa. Kwenye vitufe nilisinzia. Lakini pale uliposema ukimpa jirani wako haupungui, niliamka nikamwambia Hanna arudie.

Hicho nakijua. Ni mfereji. Mfereji wetu unatoka juu msituni, hayupo aliye hai aliyemwona aliyeuchimba. Hakuna anayeuza maji yake. Lakini siku ya kufukua, kila nyumba inatoa mtu na jembe, matope mpaka magotini, kuanzia mlango wa maji hadi shamba la mwisho. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake ya maji inaipita. Hiyo si bure ya gari nyeupe. Haina bei, lakini mgongo unauma.

Sasa niambie: siku ya kufukua huo mfereji wenu, nani wanatoka? Au ni wewe peke yako na jembe?

Na huyo Mzee Paramjit. "Ana maswali kidogo, yataisha." Umeandika mstari mmoja ukaukimbia kama uliyekanyaga siafu. Rudi uandike.

Mimi mguu wa kushoto unasumbua kidogo, utapona. Pasaka najua huji. Nitakuwekea nyama ya kukausha na Yiamat ataila, kama kawaida.

Koko Soila


Ngarenaro, 11 Mei 2025

Shikamoo Koko,

Nimeinama, nishike kichwa taratibu, bado kinazunguka. Nisamehe kwa kuchelewa. Nililazwa na homa ya matumbo. Nimetoka, nakula uji, miguu ndiyo bado haijaniamini. Sikutuma neno kwa sababu ungetaka kuja.

Barua yako ilinikuta kabla sijaugua, nikakasirika nikaiweka chini ya mto. Uliuliza nani anatoka na jembe. Ni mimi peke yangu. Ukitaka kuweka kitu kipya kwenye zile kompyuta, au kurekebisha kilichoharibika, zinadai neno la siri. Ninalijua mimi tu. Nilipolazwa, moja ikagoma, kisha nyingine, zote zikadai neno. Watoto wakawa wanakuja, wanakaa, wanatazama vioo, wanarudi nyumbani. Sabina alikuja mpaka wodini. Nilidhani ameleta chungwa. Akasema, "Pole, Mwalimu. Neno la siri ni lipi?"

Sikumpa. Niliogopa wataharibu.

Na Mzee Paramjit, haya. Anataka tutoke. Shule zikifunguliwa Julai, chumba anataka kiwe kitupu. Aliwaona watoto wakipeana mfumo kwenye flashi akasema tunagawa mali ya wizi ndani ya gereji yake. Nilimchapia ile ruhusa yote. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Binti, hii ni barua," akasema. "Mimi nataka risiti."

"Mzee, haina risiti. Haijauzwa."

"Miaka yote nauza vipuri hapa Arusha. Kitu bila risiti kimeibwa. Kama hakijaibwa, bado hawajamkamata mwizi."

Simlaumu sana. Zamani Dimple alikodisha filamu za nakala pale pale. Wakaguzi wakaja, wakachukua kila kitu, na Mzee akashinda kituoni siku ya sikukuu yao, nguo mpya mwilini. Chumba hakipo kingine mtaa huu ambacho ningekipata bila pango. Akitutoa, darasa limekwisha.

Nikuambie ukweli, Koko. Kuna upande wangu unataka likwishe, ili nilale.

Naeku


Olkokola, 25 Mei 2025

Naeku,

Leo sikuiti Paashe mpaka hasira ishuke. Unalazwa wodini, mimi bibi yako ninajua ukishatoka. Nikikukamata nitakuchapa kwanza ndipo nikukumbatie. Nathanaeli ana mtindi wako kwenye kibuyu. Unywe wote. Usiwagawie wa fotokopi.

Huku wazima. Jino la Hanna limeng'olewa, amelihifadhi kwenye kikombe, sijui analitakia nini.

Haya, imeshuka. Paashe, sikiliza. Alikuwepo mzee Koikai, wewe humkumbuki. Alishika mlango wa maji kule juu peke yake. Kwa kazi hakuna aliyemfikia, alijua kila jiwe, na alikuwa hamfundishi mtu kwa sababu wengine wataharibu. Akafa kipindi cha masika. Mlango ukatushinda, tukauvunja kwa shoka, maji yakashuka yote pamoja yakabeba shamba la mjane wake. Watoto wako wataharibu, ndiyo. Waharibu ukiwa hai, uwaonyeshe walipokosea. Umepewa mfereji, wewe umetengeneza tangi lako na kulifunga kufuli. Halafu unalalamika umechoka.

Sasa huyo mzee wako. Anadai risiti kwa sababu hakujui. Mtu wako humwombi risiti. Nimemtoa kondoo jike, yule mweupe mwenye sikio lililochanika. Nathanaeli atamshusha pamoja na maziwa. Mpe Mzee. Usiombe chumba, usitaje kompyuta. Sema ametoka kwa Soila wa Olkokola, na tangu siku hiyo mimi na yeye tunaitana Paker kwa sababu ya kondoo, kama mimi na wewe tunavyoitana Paashe kwa sababu ya ndama. Watu wanaoitana hivyo hawatoani nje kama takataka.

Hanna anasema kuna Makalasinga wasiokula nyama. Nimemwambia hajazaliwa mtu wa kukataa kondoo. Kondoo ana mimba, usimwambie Mzee. Ataona mwenyewe.

Koko wako, ambaye bado ana hasira kidogo,
Soila


Ngarenaro, 22 Juni 2025

Shikamoo Koko,

Nishike kichwa, kimetulia sasa. Mtindi nimeumaliza, ulinirudisha duniani. Nimenenepa kidogo, au nguo zimerudi kunitosha. Hapa baridi ya Juni imeingia, mlima hatujauona wiki nzima.

Koko, kondoo wako. Nathanaeli alimshusha gerejini kwenyewe, mbele ya mafundi. Mzee Paramjit akatoka na kilemba chake cha bluu, akamtazama kondoo, akanitazama mimi.

"Nani anataka kutengeneza gari alipe na hii?"

"Hakuna, Mzee. Ni wako. Ametoka kwa bibi yangu, Soila wa Olkokola."

"Bei?"

"Hana bei."

"Binti, mimi sili nyama. Tangu kijana. Hata yai siligusi."

Mafundi wakasema wako tayari kumsaidia. Akawageukia, wakarudi chini ya magari yao.

"Bibi yako anataka nini?"

"Hataki kitu. Anasema kuanzia leo wewe na yeye mnaitana Paker."

"Anataka chumba."

"Hakunituma chumba."

"Hakuna mtu anatoa kondoo hivi hivi. Huyu ameibwa?"

Hapo nikasahau ulivyonikataza. Nikamwambia bibi yangu hajawahi kuiba hata kuku. Nikamwambia risiti kondoo huyu hana, kondoo wa nyumbani hana risiti, ana mtu aliyemtoa. Na kama mtu hawezi kutoa kitu bila kuwa mwizi, basi Mzee mwenyewe alizitoa wapi hizo kompyuta alizonipa, mbona sikumwomba risiti? Sauti yangu ilikuwa juu, Koko. Hata nyundo zilinyamaza.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema, "Mrudishe." Nikamwambia kondoo wa namna hii harudishwi, akimrudisha atakuwa amekutukana. Akasema basi afungwe nyuma, na nisiongee tena siku hiyo.

Mpaka sasa kondoo amekula boksi la plagi na nusu ya kalenda ya ukutani. Mzee analalamika kila asubuhi, lakini anayenunua majani kwa wale mama wanaopita ni yeye, na anamlisha kabla hajafungua gereji. Chumba bado anasema Julai.

Neno la siri nimewapa. Sabina na wenzake watatu wakubwa. Siku hiyo hiyo Sabina akafuta kompyuta nzima. Wakahangaika nayo, wakagombana, wakaiwekea mfumo upya wenyewe, na kabla ya kufunga ikawaka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nikiwatazama. Nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Koko, mguu. Uliandika mstari mmoja ukaukimbia kama uliyekanyaga siafu. Rudi uandike.

Naeku


Olkokola, 6 Julai 2025

Paashe,

Nimekushika. Wazima. Baridi inang'ata, nalala na mbuzi wawili wadogo ndani, wananuka lakini wana joto. Yiamat amenunua koti la mtumba, anatembea nalo kanisani kama mbunge.

Kumbe hali nyama kweli. Hanna alinitazama alipokuwa anasoma, nami nikawatazama mbuzi.

Mguu uko sawa.

Hanna ameweka kalamu chini. Anasema haandiki neno jingine mpaka niseme. Nimemwambia atoke kwangu, hatoki. Nimemtisha kwa chai, amesema atakunywa kwake. Haya.

Nilianguka mwezi wa tatu, siku ya kufukua, kwenye mawe karibu na mlango wa maji. Ndiyo hiyo wiki niliyoanza kukuandikia. Mfupa haukuvunjika, walisema, lakini goti limekataa kazi. Nafika chooni na fimbo, nafika kwa Hanna nikipumzika mara kadhaa. Juu msituni sifiki. Yiamat anatoa mtu kwa nyumba yake, vijana wake wengine wako migodini Mererani. Nyumba yangu imekosa mtu tangu hapo, na zamu yangu ya maji imepita. Hawakunionea, ndiyo sheria, nami nimewahi kuwapitishia wengine. Mahindi yalipata mvua. Maharage yamekauka yakiwa na maua.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Ungekuja, ungefunga darasa, na ungesema ni kwa ajili yangu. Halafu ungekaa hapa unachota maji na kunitazama kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Nilikuwa na haki ya kunyamaza. Wewe ulinyamaza na homa ya matumbo.

Siku nyingine ya kufukua ni Jumamosi baada ya Nane Nane. Nimesema tu. Sikuiti.

Hanna anatabasamu na pengo lake. Simpendi leo.

Soila


Ngarenaro, 3 Agosti 2025

Shikamoo Koko,

Nimeinama, na safari hii sijainuka haraka. Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, nikatoa kurasa za mtu mmoja zote zikiwa nyeupe. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na jibu.

Julai ilifika. Shule zikafunguliwa, na asubuhi yake Mzee akaleta maboksi ya vipuri chumbani. Nilidhani ndiyo mwisho, nikaanza kukusanya nyaya. Maboksi yakajaa nusu ya chumba, yakakoma. Nami sikumuuliza. Tukaendelea tumebanana, wawili kwa kiti kimoja, na ndivyo tulivyo mpaka leo.

Wiki jana aliingia tukiwa katikati ya somo, amekumbatia kitu ndani ya sweta. Mwanakondoo, mweupe, bado ana unyevu masikioni. Darasa likavunjika, wote wakamzunguka. Mzee akasema kwa hasira, kama vile tumemfanyia njama, "Mlijua ana mimba."

"Bibi alijua," nikasema.

"Huyu ni wa nani sasa?"

"Wako, Mzee."

"Na nikimpa mtu?"

"Umempa. Mama yake bado unaye."

Alisimama pale, mwanakondoo akimnyonya kidole. Sabina akamwambia, "Mzee, mshike vizuri, kichwa kinaning'inia." Akamshika vizuri. Kisha akasema kompyuta ya ofisini kwake ina virusi tangu mwaka jana, kila akifungua hesabu inamletea wanawake wa Urusi. Akauliza kama tunaweza kumwekea hiyo yetu. Sabina akajibu kabla yangu kwamba wanaweza, bila bei.

"Lakini muandike imetoka kwa nani," Mzee akasema. "Sitaki kitu kisicho na mtu."

Wakamwekea. Juu ya kioo wakabandika karatasi: Imetoka kwa Sabina na wenzake, nao walipewa na Mwalimu Naeku, naye alipewa na watu wengi asiowajua. Mzee ameisoma, ameiacha hapo hapo. Habari za kutoka hajazitaja tena, na za kukaa hajazitaja. Alitaka nikuletee mwanakondoo mara moja. Nimemwambia bado ananyonya.

Nakuja Ijumaa na Nathanaeli. Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi darasa atafungua Sabina, ufunguo ninamwachia, na neno la siri analo. Jembe la kwangu lipo bado nyuma ya zizi, au Yiamat amelichukua?

Naeku


Olkokola, 24 Agosti 2025

Paashe wangu,

Inama, nakushika tena, ingawa nilikushika juzi kwa mikono yangu nikakuta umekonda. Ulinidanganya na habari za kunenepa. Wazima wote. Mbuzi wamerudi zizini, mimi nanuka vizuri sasa.

Watu bado wanasema habari zako. Wanasema mjukuu wa Soila alipanda mpaka mlango wa maji na viatu vya mjini, akashuka hana viatu wala sauti. Mwenyekiti wa mfereji aliuliza kama wewe ni wa nyumba yangu. Hanna akajibu kwa niaba yangu, sitarudia alivyojibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje, naona migongo tu kwa mbali, nikajua wa kwako kwa sababu ulikuwa unashika jembe vibaya.

Uliponiosha goti ulilia. Nilijifanya sioni. Sasa nakuambia niliona.

Nathanaeli kaniletea na lile neno lako fupi la juzi. Kwamba ulirudi Jumapili ukakuta watoto wamefundishana wenyewe, wamegeuza viti vikatazama ukuta mwingine, na neno la siri wamelibadilisha, Sabina akakuambia "tutakupa, Mwalimu, ukilihitaji." Unasema ulicheka, halafu ulikaa kwenye ndoo yako ukaona huna kazi, ikakuuma.

Acha iume. Mimi niliumia siku mfereji ulipofukuliwa bila mimi na watu hawakugundua. Maji yalikuja vile vile, maji hayana adabu. Ukishapoa utaona ni kitu kizuri, lakini sikulazimishi leo.

Mwambie Paker wangu asimwachishe huyo mtoto mapema, ataharibika tumbo. Akishakula majani mwenyewe, apande naye aje anione, nimtazame hicho kilemba. Nitampikia makande, hayana nyama. Hanna ndiye aliyesema hivyo, siyo mimi.

Wewe usije wiki hii, wala ijayo. Fungua hiyo steshenari, toa fotokopi, jioni waachie watoto chumba chao, nenda ukalale.

Zamu yangu imerudi. Jana maji yalifika kwenye maharage mapya, jua likiwa bado halijatua. Hanna ndiye aliyeyaona. Mimi nilikuwa nimelala.

Koko wako,
Soila